Televisheni Yangu, Rimoti ya Mtaa

Nilinunua televisheni, jamani, sikununua ukumbi. Tangu ile inchi 43 ishuke mashuani kutoka Mokowe, sebule yangu hapa Langoni, Lamu, haina mwenyewe. Viatu mlangoni utadhani kuna khitma. Tokeni za umeme nanunua mimi, wao huja na macho tu. Na maoni.

Habari za tamthilia za Kituruki sizisemi leo, zitanitoa machozi. Mama mkwe hukaa nyuma ya pazia, haonekani ila husikika, na hadi leo hakubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwatilia sauti watu watatu. "Huyu si yule alozikwa juzi?" Si yeye, Mama. "Sauti ni yake." Basi ni yeye, Mama, amefufuka, sasa ni waziri.

Na hizi za kwetu Kenya zinazojidai za Pwani? Tajiri ana jumba, shangazi ana mganga, jini yuko kisimani, na wote wanazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Mtu anagombana na mkewe kwa "hata hivyo" na "kwa mujibu wa". Pwani gani hiyo?

Sasa jana. Jana niliweka Titanic, ile ya James Cameron ya 1997, yenye urefu wa saa tatu na robo hivi. Nikasema hii ilichukua Oscar 11, nani atakuwa na neno? Kumbe mpwa wangu amemwalika Ami Nahodha, mzee aliyemaliza ujana wake kwenye majahazi. Akaingia, akakaa kwenye kiti changu.

Leonardo DiCaprio na Kate Winslet wakapanda omo, mbele kabisa ya meli, wakatanua mikono. Sebule nzima kimya.

"Nani alowapa ruhusa kusimama pale?" akauliza Ami. "Serahangi yuko wapi?"

Sikujibu. Mkubwa hajibiwi ovyo.

Ikafika pale pa kuchorana, binti hana nguo. Walioitazama wanapajua. Nyuma ya pazia mama mkwe, pembeni mpwa na rimoti, na mimi katikati nimeshika sahani ya mahamri, mwenye nyumba na heshima zangu. Nikakohoa. Mpwa akapeleka mbele. Akapeleka, akapeleka, alipoachia maji yameshajaa melini, watu wanakimbizana.

"Ngoja, ngoja! Chombo kimevunda wapi?"

Kimegonga barafu, Ami.

"Mimi sikuuona mwamba. Rejesha."

Hapa Cameron alitukosea sana watu wa Lamu. Barafu ameiweka papo hapo nyuma ya aibu, hakuacha hata nafasi ya kunywa maji. Mpwa akirejesha, anaangukia kwenye kuchorana. Pazia: "Astaghfirullah!" Mbele: watu wanazama. Nyuma: motokaa, kioo chenye ukungu, ule mkono. "Subhanallah, mbele!" Wanazama. "Rejesha!" Ami ataka mwamba, mama mkwe ataka stara, mahamri yanapoa, na hapana hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini. Mimi! Mwenye tokeni! Nikaipokonya rimoti na kupiga ukelele ambao mkwe hapigiwi: "Tazameni au mtoke!"

Kimya. Nikabonyeza. Tukaangukia juu mlingotini: walinzi wawili wanachungulia chini, wapenzi wanabusiana, walinzi wanatabasamu, halafu ndipo wanauona mlima wa barafu.

Ami akajipiga paja. "Nalijua! Walinzi mato yao yako kwenye mabusu. Chombo kitaacha kuvunda?"

Pazia likaitikia: "Si nalisema?"

Hakusema. Lakini tangu hapo wawili hao wamekuwa kitu kimoja, na mshtakiwa ni mimi.

Nikajaribu kuleta elimu. Nikawaambia meli ilionywa juu ya barafu siku ile ile, 14 Aprili 1912, na bado ikaenda mbio. Na mashua za kuokolea zilikuwa 20 tu kwa watu zaidi ya 2,200. Nikaongeza, kwa ujuzi, kwamba katika mabomba yale manne ya moshi, la nne halikuwa la moshi wa matanuri, lilikuwa la kupitisha hewa.

Ami akanitazama kwa huruma. "Chombo chenye bomba la urongo, wewe ungepanda?"

Kisha yule binti wa melini, sasa bibi kizee, akatupa almasi yake baharini. Kelele zilizozuka msiniulize. Mama mkwe angali anataka kujua mjukuu aliyekuja naye alimkosea nini.

Ijumaa wanataka Sholay, ile filamu ya Kihindi ya 1975. Nimeshawaonya kwamba Amitabh Bachchan anakufa, nisije nikaulizwa mimi steling anakufaje. Hata haijawekwa, ugomvi umeshashika barazani: huyo tajiri Thakur amekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, nani humlisha? Ana mtumishi, nikasema. Na kisasi atalipaje? Ameajiri wezi wawili, Ami.

"Wezi! Na polisi je?"

Yeye mwenyewe alikuwa polisi, Ami.

"Aa. Basi hiyo ni ya hapa hapa Kenya. Weka."