Watoto watatu wa C: shule kubwa ya mkataba na hoja isiyopewa nafasi

Mashindano ya Academic Decathlon yalianzishwa mwaka 1968 katika kaunti ya Orange, California, na timu yake ni ya wanafunzi tisa. Mwalimu haruhusiwi kuwachukua tisa wanaoongoza shuleni. Watatu lazima wawe na wastani wa A, watatu wa B, na watatu waliobaki wawe wale ambao ripoti zao zimejaa C, au mbaya kuliko hizo. Wote hufanya mitihani ileile saba, huandika insha, hutoa hotuba na kukaa mbele ya jopo la kuwahoji. Alama ya mtoto wa C ina uzito sawa na ya mtoto wa A.

Granada Hills Charter High School, iliyoko kaskazini mwa Bonde la San Fernando jijini Los Angeles, ilitwaa ubingwa wa taifa wa mashindano hayo mwaka 2011, 2012 na 2013 mfululizo. Kila nikisoma ubishi juu ya shule za mkataba Marekani, zile ziitwazo charter, akili yangu huwarudia wale watoto watatu wa C. Shule inayochuja watoto mlangoni ingewatoa wapi?

Kuchuja ndilo shtaka la kwanza. Shule ya mkataba hulipiwa na kodi na haitozi ada, ila huendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba unaopitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Wanaozipinga husema huokota watoto wepesi kufundishika na kuwaachia shule za kawaida mzigo wote, huchota fedha za umma, na huwakwepa wapiga kura. Mwaka 2016 hata NAACP, chama kikongwe cha haki za Wamarekani Weusi, kilitaka upanuzi wa shule hizi usimamishwe. Hofu hiyo si ya kubezwa. Walioisema wamewahi kuona shule za watoto wao zikifungwa.

Tatizo ni kwamba jina hili moja linafunika vitu viwili vilivyo mbali sana. Ipo shule ya mkataba inayoanzishwa upya, mara nyingi ndogo, katika jengo la kukodi, na mzazi huomba nafasi kwa bahati nasibu. Na ipo shule ya serikali ya miaka mingi ambayo walimu wake wenyewe wameamua kuigeuza. Kwa aina hii ya pili, sheria ya California ya mwaka 1992 iliweka masharti mawili ambayo wabishi wengi huyaruka: angalau nusu ya walimu wa kudumu wa shule hiyo watie saini, na watoto wanaoishi ndani ya eneo la zamani la shule wapewe kipaumbele. Maana yake, shule haina uhuru wa kuwahama majirani zake.

Granada Hills ni ya aina hii ya pili. Ilifunguliwa mwaka 1960, wakati mashamba ya bonde lile yakigeuka mitaa ya nyumba za familia, na kwa miaka 43 ilikuwa chini ya LAUSD, mamlaka ya shule ya Los Angeles ambayo kwa ukubwa inazidiwa na ya New York peke yake katika Marekani nzima. Wanafunzi wake huitwa Highlanders, watu wa milima ya Uskoti, jina la kushangaza kidogo kwenye bonde lenye jua kali. Mwaka 1976 ilimpokea kijana mrusha mpira wa futiboli ya Kimarekani, John Elway, ambaye baba yake alikuwa ameajiriwa kuwa kocha katika chuo kikuu cha jirani pale Northridge. Baba alitafuta shule ambayo timu yake inarusha mpira badala ya kukimbia nao tu. Granada Hills, chini ya kocha Jack Neumeier, ndivyo ilivyocheza, na familia ikahamia karibu. Leo uwanja wa shule una jina la Elway.

Kisa hicho husimuliwa kama habari ya michezo, lakini mimi nakisoma kama habari ya elimu. Kuchagua shule kulikuwapo Marekani muda mrefu kabla ya shule za mkataba, na tiketi yake ilikuwa nyumba. Mwenye uwezo alipanga au kununua ndani ya mpaka wa shule aliyoitaka, asiye nao akapokea aliyopangiwa. Anayesema shule za mkataba ndizo zilizoleta ubaguzi wa uchaguzi amesahau nusu karne ya matangazo ya nyumba.

Na maisha ya ndani yakoje? Mtu aliyesoma katika shule yenye mikondo miwili atapata shida kuyawaza. Ni vijana zaidi ya 4,000 wa miaka 14 hadi 18, wote wa kutwa. Kengele ikilia, mwalimu hubaki chumbani mwake na wanafunzi ndio wanaohama, kila mmoja na ratiba yake. Binti anaweza kutoka hesabu ya darasa la juu akaingia Kiingereza na wenzake wa kawaida kabisa, na mchana akapiga tarumbeta. Lipo somo la kiwango cha IB, mtaala wa kimataifa wa kuandaa vijana kwa chuo kikuu, kwa anayelitaka, ipo njia ya kusomea sehemu kubwa kwa kompyuta, ipo bendi, ipo timu, na vipo vilabu vya kila namna. Watoto wa Kifilipino, Kikorea, Kiarmenia na Kilatino hupigania meza zilezile wakati wa chakula. Shule ndogo haiwezi kuyabeba haya. Bendi ya gwaride inahitaji vijana wengi wa kupuliza na kupiga, na lugha ya nne ya kigeni inahitaji darasa la kutosha kumlipa mwalimu.

Ukubwa una machungu yake pia. Mtoto mpole anaweza kumaliza mwaka bila mtu mzima hata mmoja kumjua vizuri, na mshauri wa masomo mwenye mamia ya majina kwenye orodha yake hawezi kuwa mlezi. Hilo haliponywi na mkataba wa aina yoyote.

Walimu walipotia saini na shule ikageuka mwaka 2003, LAUSD ilikuwa imefurika. Mwaka wa masomo wa 2002–03 ilikuwa na wanafunzi karibu 747,000, na baadhi ya shule za upili zilisoma kwa zamu mwaka mzima, katika kalenda iliyowapa watoto siku 163 badala ya 180. Nalitaja hili kwa sababu shtaka la kupora wanafunzi huwa halina tarehe. Shule hii iliondoka wakati mamlaka haikuwa na mahali pa kuwakalisha watoto iliokuwa nao. Kilichobadilika siku ile ni mtu wa kuamua: fedha za serikali ya jimbo, zinazokokotolewa kwa mahudhurio ya kila siku, zilianza kufika shuleni moja kwa moja, na swali la kuajiri mshauri au kukarabati maabara likawa la kujibiwa palepale. Walimu waliendelea kuwa wanachama wa UTLA, chama cha walimu cha jiji. Hata hili huwashangaza wengi, ingawa halipaswi. Aliyelipigia debe wazo la shule za mkataba kitaifa mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, rais wa chama cha walimu, akitaka walimu wenyewe wapewe nafasi ya kujaribu. Baadaye alilikana alipoona makampuni yakiingia. Alichokikana si alichokiomba.

Sasa nirudi kwa wale watoto watatu, maana hoja yao inanikata pande zote mbili. El Camino Real, shule nyingine kubwa ya bonde lilelile, ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 2004, 2005, 2007 na 2010. Mkataba wake ulianza mwaka 2011. Taft ilikuwa imeshinda mwaka 1989, 1994 na 2006, na John Marshall mwaka 1987 na 1995, zote zikiwa shule za kawaida za LAUSD. Kwa hiyo vikombe havithibitishi kwamba mkataba hufanya watoto wajue zaidi. Ningetamani vithibitishe, lakini havifanyi hivyo.

Vinathibitisha jambo ambalo kwangu lina thamani zaidi. Kumpata kijana wa C anayeweza kukaa na kitabu cha uchumi miezi saba, inabidi kwanza awe ameandikishwa. Ni yule aliyechoshwa na kazi za nyumbani, au anayefanya kazi jioni, au aliyehama shule mara tatu. Shule iliyo wazi kwa mtaa mzima inao wengi wa namna hiyo, na mwalimu mmoja mwenye jicho atawaona. Timu hizi zote zilitoka katika shule kubwa za mtaa, chini ya mamlaka na nje yake. Walimu wa Granada Hills walipoigeuza shule hawakuugusa utaratibu huo: mtaa wao ulibaki ndani. Ndiyo maana naona si haki kuihukumu kwa makosa ya shule ambazo hazikuwahi kuwa na mtaa.

Hata takwimu za kitaifa huumizwa na mchanganyiko huu. Utafiti wa CREDO, kituo cha utafiti wa elimu cha Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2009 ulikuta asilimia 17 ya shule za mkataba zikifanya vizuri kuliko shule za kawaida katika hesabu, asilimia 37 zikifanya vibaya zaidi, na zilizobaki hazina tofauti ya maana. Utafiti wake wa mwaka 2023 ulikuta hali imegeuka na kuwa nafuu kwa shule za mkataba, kwa tofauti ndogo. Kila upande una mwaka wake wa kunukuu.

Hoja nzito ya wapinzani, kwangu, ni ya kura. Mkazi wa Los Angeles humchagua mjumbe wa bodi ya LAUSD na anaweza kumwondoa. Bodi ya shule ya mkataba haimpi nafasi hiyo, ingawa majengo na ardhi ni mali ya umma. Mwaka 2016 El Camino Real ilipewa onyo rasmi na LAUSD kwa namna fedha zilivyosimamiwa, pamoja na matumizi ya kadi ya mkopo ya mkuu wa shule, naye akaondoka mwaka huohuo. Walioibana shule walikuwa waandishi wa habari na mamlaka ileile ambayo ilikuwa imejitenga nayo. Hoja ya fedha nayo ina ukweli wake: wanafunzi wakiondoka, deni la bima ya afya ya walimu wastaafu halipungui. Walimu walipogoma Januari 2019, siku sita za masomo, jambo hilo lilikuwa mezani, na mwaka huohuo California ilizipa mamlaka za shule nguvu zaidi ya kukataa shule mpya za mkataba. Naiunga mkono sheria hiyo.

Na nasita ninapoona Granada Hills yenyewe imepanuka hadi madarasa ya watoto wadogo, ambako haikurithi mtaa wa mtu yeyote. Huko haina tofauti kubwa na zile shule nyingine, na ibebe maswali yaleyale.

Lakini kwa shule ya upili msimamo wangu unashikilia mstari mmoja kwenye ramani. Kijana wa mtaa ule, awe wa A au wa C, anaandikishwa bila bahati nasibu wala mtihani. Siku bodi itakapoomba mstari huo ufutwe ili ichague kutoka jiji zima, nitawaandikia wapinzani wake hoja zao.