Meno ya Nguruwe Yatangulie Sumaku

Ukiuliza usumaku wa mwamba, unajibiwa neno moja kati ya mawili: kawaida, yaani uga wa sumaku wa dunia ulielekea kama leo mwamba ulipojijenga, au kinyume, yaani ulikuwa umegeuka. Miaka hautaji. Genge la mita 60 lenye kanda tatu za kawaida na mbili za kinyume katikati yake linaweza kupachikwa sehemu nyingi kwenye kalenda ya migeuko ya sumaku ya dunia. Kwa hiyo naona ni kosa kuanza na mashine ya kupima sumaku na kumwita mtaalamu wa visukuku baadaye.

Koobi Fora, kaskazini mwa Kenya, ilishatupa funzo. Jivu la volkano liitwalo KBS lilipewa kwanza umri wa miaka milioni 2.6 kwa njia ya potasiamu na argoni. Usomaji wa sumaku uliochapishwa mwaka 1974 ukapangwa ukaafikiana na umri huo, ukaonekana ni shahidi wa pili. Kumbe ulimwegemea yule wa kwanza! Waliogoma ni nguruwe wa visukuku. Gego lao la mwisho lilizidi kurefuka katika koo kadhaa za nguruwe kadiri muda ulivyopita, na magego ya Koobi Fora yalifanana na ya matabaka ya Omo, Ethiopia, yenye karibu miaka milioni 2. Vipimo vilivyorudiwa vilitua kwenye takriban milioni 1.88, ndani ya kipindi kifupi cha usumaku wa kawaida kiitwacho Olduvai, kati ya milioni 1.95 na 1.78.

Farasi wa jenasi Equus naye ni alama nzuri: Afrika haonekani kabla ya milioni 2.3 hivi. Gego lake likichimbwa ndani ya tabaka lenyewe hufuta mapendekezo mengi kwa mkupuo. Lililookotwa mteremkoni halifuti kitu, maana huenda limeporomoka kutoka tabaka changa la juu.

Sasa sampuli. Chimba hadi ufikie mwamba usioliwa na hewa wala mizizi, na uchague tope laini. Punje kubwa za mchanga hulala kwa uzito wake, si kwa kufuata sumaku. Chukua angalau tatu kila kimo, na uchore mshale wa mwelekeo kabla ya kuzing'oa. Karibu na ikweta mshale huo ndio kila kitu: uga wa sumaku umelala karibu bapa, hivyo mwinamo, yaani pembe ya uga kwenda chini au juu, hausaidii, na sampuli iliyogeuzwa nyuma mbele huzaa kipindi cha kinyume ambacho hakikuwepo.

Maabara hupasha moto kwa hatua, tuseme nyuzi 150, 200, 300 na kuendelea: kati ya madini ya chuma yanayobeba sumaku, magnetaiti huipoteza kwenye 580, hematiti karibu 680. Anayeishia 200 anaweza kuwa amepima uga wa leo uliojipaka juu ya ule wa kale, na genge zima likamtokea la kawaida. Linganisha makundi mawili, sampuli za kawaida na za kinyume. Yasipoelekeana kinyume kabisa, mpako bado upo.

Nafasi kati ya sampuli nayo huumbua. Kipindi cha Jaramillo, kingine kifupi cha usumaku wa kawaida, kilidumu takriban miaka 80,000. Tope likijaa sentimita 2 kwa miaka 1,000, kipindi chote ni mita 1.6, na anayechukua sampuli kila mita 2 anaweza kukiruka. Mmomonyoko ukishakula tabaka, hata sampuli za kila sentimita 10 hazilirudishi. Ndiyo maana alama za mapengo hayo, yaani udongo wa kale uliofukiwa pamoja na mikondo ya changarawe, ziandikwe kwenye daftari kwa kimo chake, kabla mtu hajagusa kalenda.