Wameachana, viinitete vimebaki

Novemba 2001, madaktari nchini Uingereza walivuna mayai 11 kutoka kwa mwanamke aliyegunduliwa kuwa na uvimbe katika ovari zote mbili. Mayai yalirutubishwa maabara kwa mbegu za mwenzake, vikapatikana viinitete 6, vikagandishwa. Wiki mbili baadaye ovari zikaondolewa. Aliambiwa asubiri miaka 2 kabla ya kupandikizwa. Miaka hiyo haijatimia, wawili hao wakaachana, na mwanamume akaiandikia kliniki akitaka viinitete viharibiwe.

Katika kumbukumbu za kesi hiyo, Evans dhidi ya Uingereza, kuna kijisehemu ambacho hunirudia kila unapozuka mjadala wa nani aamue hatima ya viinitete wawili wakiachana. Kabla ya kusaini fomu, mwanamke aliuliza kama anaweza kugandisha mayai yake yenyewe, bila kurutubishwa. Kliniki ile haikuwa na huduma hiyo. Mwenzake akamtuliza: hawataachana, asiwaze mabaya, yeye anataka kuwa baba wa mtoto wake. Basi akaacha kuuliza.

Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, kwa majaji 13 dhidi ya 4, kwamba haki zake hazikuvunjwa. Sheria ya Uingereza ya 1990 ilimruhusu yeyote kati ya wawili kufuta ridhaa yake mpaka kiinitete kitakapotumika, na mahakama ikaona nchi ina uhuru wa kujiwekea mstari huo ulio wazi.

Kwa wanaopata mimba kitandani swali hili halipo. Mimba ikishaingia, mwanamume hana tena cha kufuta. Atadaiwa matunzo atake asitake. Maabara imebadili jambo moja tu, muda. Kati ya "nataka mtoto" na mimba pamewekwa tangi la naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na humo kiinitete kinaweza kukaa miaka mingi huku waliokitengeneza wakigombana, wakitalikiana na kuoa au kuolewa upya. Ndiyo maana naona tunapoteza muda kubishana kama kiinitete ni mtu au ni mali. Tuulize ridhaa inafungwa saa ngapi.

Anayekataa ana hoja nzito kuliko anavyosikilizwa. Katika kesi ya Davis dhidi ya Davis iliyoamuliwa jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 1992, wazazi wa mume walikuwa wameachana yeye akiwa mdogo, akakulia kwenye makao ya kulelea wavulana. Hakutaka mtoto wake aishi bila baba, na kufikia hapo mkewe wa zamani alitaka viinitete hivyo 7 vipewe wanandoa wengine. Mahakama ilimpa ushindi mume. Ilisema kwa kawaida asiyetaka kuzaa ndiye anayeshinda, ila kama mwenzake hana njia nyingine inayofaa ya kupata mtoto, hoja yake nayo ipimwe. Na tusisahau kwamba kinga hii ya anayekataa inafanya kazi pande zote. Bila hiyo, mwanamume angeweza kuchukua viinitete vyenye mayai ya mke wa zamani akavipandikiza kwa mke mpya.

Anayetaka kuendelea naye ana lake. Wawili hawa hawakutoa sawa. Mwanamke amejidunga homoni siku baada ya siku, amepimwa damu, ameingizwa sindano mpaka kwenye ovari. Mwanamume amepewa kikopo. Mahakama ya Katiba ya Italia iliupa uzito mzigo huo mwaka 2023 ilipokubali sheria inayosema ridhaa haifutiki baada ya yai kurutubishwa, hata kama wanandoa wametengana. Israeli ilifika karibu na hapo mapema zaidi: mwaka 1996, katika kesi ya Nahmani, majaji 7 dhidi ya 4 walimruhusu mke aliyekuwa ameondolewa kizazi kutumia viinitete alivyonavyo na mumewe aliyemwacha, kwa kumtumia mama wa kubeba mimba. Jimbo la Arizona limekwenda mbali zaidi. Tangu 2018, hakimu wa talaka humpa viinitete yule anayetaka vizaliwe, na mwenzake huondolewa wajibu wa mzazi. Huko ni kupita kiasi. Karatasi inaweza kumfutia mtu matunzo. Haimfutii kujua kwamba ana mtoto mahali fulani.

Wengi husema dawa ni fomu: waandike mapema, yaishe. Mahakama ya New York iliheshimu maandishi hayo mwaka 1998. Miaka miwili baadaye ile ya jimbo la Massachusetts ilikataa, na ukisoma kisa chenyewe unaelewa kwa nini. Mume alikuwa akisaini fomu zikiwa tupu, kisha mke akajaza kwamba wakitengana viinitete ni vyake. Nani asiyemjua mtu wa namna hii? Anayesaini akiwa na hamu ya mtoto hasomi ukurasa unaozungumzia talaka.

Wanaotaka kukata mzizi kwa kusema kiinitete ni mtoto waitazame Alabama. Mwaka 2020 mgonjwa mmoja aliingia kwenye chumba cha tangi katika mji wa Mobile, akashika viinitete vya watu wengine, baridi ikamuunguza mkono, akaviangusha. Wenye viinitete wakashtaki, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema sheria ya 1872 kuhusu kifo cha mtoto inavihusu. Kliniki kadhaa zikasimamisha huduma, na kabla ya wiki tatu kupita bunge la jimbo likatunga sheria ya kuzikinga. Kwa waliotalikiana, uamuzi huo haukujibu kitu.

Mimi ningekaa na Tennessee, pamoja na ule mlango wa dharura wa asiye na njia nyingine ya kupata mtoto, na ningeufungua kwa mwanamke wa kesi ya Evans. Sababu yangu si huruma peke yake. Aliacha kutafuta njia nyingine kwa sababu ya neno la mtu yule yule aliyekuja kulifuta. Aliyemfanya mwenzake afunge mlango wake asiruhusiwe kuufunga na wa pili. Najua majaji waliogopa kanuni ya namna hii, maana maneno ya faraja hayapimiki kama saini, na chumba cha daktari si mahali pa kuita mashahidi.

Siku hizi mayai yasiyorutubishwa hugandishwa vizuri kuliko wakati ule, kwa hiyo mwanamke anayekaribia kuondolewa ovari anaweza kurutubisha nusu na kuhifadhi nusu. Uingereza nayo ilirekebisha sheria yake mwaka 2008: mmoja akifuta ridhaa, kliniki inaweza kuvitunza viinitete hadi miezi 12 wawili wajadiliane. Wasipokubaliana, vinatolewa tangini.