Sanjari ina bahari ndani yake

Wiki hii nimekutana nayo tena: "Mgeni rasmi aligawa madawati sanjari na kuwataka wazazi wachangie chakula cha wanafunzi." Mwandishi alitaka kusema "pamoja na", akaona halijakolea. Inaniuma, maana sanjari ni neno la mabaharia.

Vyombo vikienda sanjari vinafuatana, kila nahodha akiwa na jicho kwa mwenzake. Mwenye chombo chepesi hawezi kujikatia mawimbi atakavyo. Hupunguza tanga akangoja. Jahazi likianza kuvuja katikati ya maji, kuna wa kulikimbilia. Mabaharia wa Kuwait na Bahrain nao huita kundi la majahazi yanayosafiri pamoja sinyar, na sinyar hiyo ni sinjar, kwa sababu kwao j mara nyingi hugeuka y: hata masjid, yaani msikiti, wengi husema masyid. Kwangu hilo ni neno moja la pwani mbili. Kaskazi ilileta majahazi yao huku, kusi ikayarudisha, karne kwa karne; lugha ingebakije bandarini?

Sasa litazame neno pamoja. Ni pa na moja: mahali pamoja. Abiria wa daladala wako pamoja, wala hakuna anayemjua mwenzake. Sambamba ni ubavu kwa ubavu, kama reli mbili. Sanjari inadai mwendo, tena mwendo wa kungojana. Kugawa madawati na kuhimiza wazazi kunangojana wapi?

Najua lugha hutembea, na sidai neno lirudi majini likae huko. Mradi ukienda sanjari na mafunzo, hatua hii ikisubiri ile, hapo neno limekaa mahali pake hata kama pwani iko mbali.

Jumamosi nilikuwa kwenye gari la mwisho la msafara wa harusi. Taa nyekundu ikatukata, magari matatu tukabaki nyuma. Tulipovuka tuliwakuta wenzetu wameegesha kando ya barabara, taa za hatari zinawaka, bibi harusi amechungulia dirishani anatuhesabu. Dereva wetu akapiga honi mara mbili, wakaondoka, nasi tukafuata.