Nyumba ya kasisi ya matofali: ipashwe joto, lakini boriti zisioze

Kanisa la England limeuza nyumba nyingi za makasisi zilizojengwa enzi za Malkia Victoria. Anayenunua hupata jengo kubwa la matofali, zuri kulitazama, ghali kulipasha joto. Hapo ndipo ubishi unapoanza: wapo wanaotaka kuta zivishwe tabaka la kuhifadhi joto na vyumba viunganishwe, na wapo wanaotaka nyumba iachwe ilivyo.

Hawa wa pili wana hoja. Kodi ya matofali ilifutwa mwaka 1850, kujenga kwa matofali kukawa nafuu, na wasanifu kama William Butterfield na G. E. Street walichora nyumba za makasisi kwa kufuata matumizi. Chumba cha kazi cha kasisi kilikaa karibu na mlango wa mbele ili mwenye shida aingie na kutoka bila kupita kwa familia. Jikoni na watumishi walikuwa nyuma. Dirisha liliwekwa pale chumba kilipohitaji mwanga, hata kama uso wa nyumba haukulingana pande mbili. Msanifu Philip Webb, aliyefanya kazi ofisini kwa Street, aliufuata mtindo huo alipochora nyumba iitwayo Red House huko Bexleyheath, Uingereza, mwaka 1859. Vunja ukuta wa chumba cha kazi upate ukumbi mmoja, na madirisha yale yatabaki yamekaa ovyo.

Ila baridi haiondolewi na historia. Ukuta wa kawaida una unene wa sentimita 23 hivi, bila uwazi katikati. Unautambua kwa nje: katika safu ileile tofali moja limelazwa kwa urefu, linalofuata linaonyesha kichwa, yaani upande wake mfupi. Hivyo vichwa ndivyo vinavyofunga uso wa nje na wa ndani. Kwa miaka mingi ukuta huo ulihesabiwa kupoteza wati 2.1 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti ya joto. Vipimo kwenye kuta halisi mara nyingi vimetoa namba ndogo zaidi, mradi ukuta ni mkavu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mifereji ya paa na mabomba yake. Hatua za kuhifadhi joto zifuate.

Ya pili ni viungo, yaani maungio kati ya tofali na tofali. Matofali haya yalijengwa kwa chokaa, kisha mafundi wa baadaye wakaziba kwa saruji. Saruji ni ngumu na hupitisha maji kidogo kuliko chokaa, hivyo maji hukosa njia ya kutokea kwenye kiungo, yakatokea kwenye tofali. Barafu ikiganda humo, uso wa tofali unabanduka. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugomvi huu wa saruji na kuta za chokaa, ingawa kwao hakuna barafu. Dawa ni kuchimbua saruji kwa tindo, si kwa msumeno wa umeme unaokata kingo za tofali, hadi kina cha mara mbili ya upana wa kiungo. Chokaa kipya kifunikwe kwa magunia mabichi, na kazi isifanywe baridi ikishuka chini ya digrii 5.

Hapo ndipo tabaka la ndani lijadiliwe. Mbao za nyuzi za mti zenye unene wa milimita 40 hadi 60, zikapigwa lipu ya chokaa, hupunguza baridi vizuri. Kuongeza unene huleta faida inayozidi kupungua, huku tofali likizidi kuwa baridi na kukawia kukauka. Hatari kubwa ipo kwenye ncha za boriti za sakafu zilizochomekwa ukutani: zikikaa kwenye unyevu, huoza bila kuonekana. Ukuta unaopigwa na mvua ya upepo ni bora uachwe bila tabaka hilo.

Wanaotetea chokaa nao huzidisha chumvi wanaposema ukuta “unapumua”. Mvuke mwingi wa jikoni na bafuni hutoka kwa feni na madirisha, haupiti kwenye tofali. Madirisha yenyewe si ya kung'olewa: burashi za kuzuia upepo na kioo cha ziada upande wa ndani hutosha, na kama jengo limeorodheshwa kisheria kuwa la urithi, kibali cha kuyabadilisha ni kigumu kupatikana. Anayetaka jiko pana avunje kuta ndogo za nyuma, kati ya jiko na chumba cha kufulia, baada ya mhandisi kukagua kama zimebeba dohani.