Dakika tatu na ushee

Juzi nilikwenda shuleni kwa binti yangu, hapahapa Tanga, kwa mambo ya michango. Nikaambiwa nisubiri, nikakaa chini ya mwarobaini. Bahati nzuri darasa lake walikuwa kwenye kipindi cha michezo. Watoto hamsini na kitu, mpira mmoja. Mimi sina dogo: nikawasha saa ya simu, nikamkazia macho binti yangu peke yake.

Kupanga mistari na kuitwa majina, dakika nane. Mwalimu akaeleza sheria. Ndipo rede ikaanza, ule mchezo wa kukwepa mpira. Binti yangu ni mnene kidogo; mpira wa pili tu ukamkuta mgongoni, pwaa! Katoka. Akaenda kivulini, akawa anachora chini kwa kijiti mpaka kengele ikalia. Katika dakika arobaini, alikimbia tatu na ushee.

Nami rede naipenda, nimeicheza hadi magoti yakachubuka. Lakini tazama inavyowagawa watoto: mwepesi anabaki ndani anazidi kuwa mwepesi, mzito anatolewa mapema akae. Anayehitaji kukimbia kuliko wote ndiye anayepewa ruhusa ya kupumzika.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kwa kiasi hadi kwa nguvu. Kipimo chepesi cha hicho "kiasi": unaweza kuongea, kuimba huwezi. Moyo unaodundishwa hivyo siku hadi siku huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kuchora chini kwa kijiti hakudundishi kitu.

Sisi tulikuwa na mchakamchaka. Kabla ya darasa, shule nzima barabarani, vumbi hadi kwenye kope, na hakuna aliyetolewa kwa sababu ni mzito. Utaniambia mbona tulikuwa tunaimba? Kweli, ila mwanzishaji wa nyimbo, tukishazunguka mara mbili, alikuwa anakata maneno katikati.

Siku hizi wengi wanashushwa getini na bajaji. Halafu ikifika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, tunachagua wachache wenye mbio, waliobaki kazi yao kushangilia.

Nilimweleza mwalimu. Akacheka kwa uchovu. "Mama, mpira mmoja, watoto wote hawa, nifanyeje?"

Hoja yake ina uzito, simlaumu. Lakini rede inarekebishika bila senti: aliyepigwa azunguke uwanja mara moja, arudi mchezoni. Kipindi kisogezwe saa mbili asubuhi, maana jua letu la Februari saa saba mchana halina mzaha. Na kamba! Mkonge umeingia mkoani kwetu tangu 1893, leo tunalia hatuna kamba. Kipande kirefu cha katani, wawili wanazungusha, watano wanaruka kwa mpigo. Kamba sita tu na nusu ya darasa iko hewani.

Mwalimu akasema atajaribu ile ya kuzunguka uwanja. Mimi Jumamosi nikanunua kamba sokoni, nikaifunga upande mmoja kwenye mlimau, upande wa pili nikashika mwenyewe. Binti akaruka thelathini na moja, akasimama anahema, jasho limemlowesha hadi shingoni.

"Mama, zamu yako."

Nilifika tisa.