Hejimonia: ridhaa ya wanaoongozwa ina uzito gani?

Katika mijadala mingi ya siasa, kila aina ya ubabe siku hizi huitwa hejimonia. Kwa asili, neno hili linahusu uongozi wa kundi moja juu ya mengine unaotegemea ridhaa zaidi ya nguvu. Matumizi ya leo yanaficha swali lililoipa dhana hii thamani yake: kwa nini watu wengi hukubali mfumo unaowanufaisha wachache, hata pale ambapo hakuna askari anayewasimamia?

Swali hilo lilimshughulisha Antonio Gramsci, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia, ambaye serikali ya kifashisti ya Mussolini ilimkamata mwaka 1926 na ambaye mawazo yake mengi yamo katika madaftari aliyoyaandika gerezani kuanzia 1929 hadi 1935. Alikuwa ameshuhudia wafanyakazi wa Turin wakitwaa viwanda mwaka 1920, vuguvugu lile likizimika, na mafashisti wakishika madaraka miaka miwili baadaye. Kwa maoni yake, mapinduzi yalifaulu Urusi mwaka 1917 kwa sababu huko dola ilikuwa karibu kila kitu, ilhali katika nchi za Ulaya Magharibi nyuma ya dola kulikuwa na shule, makanisa, magazeti na vyama vilivyoufanya mtazamo wa tabaka tawala uonekane kuwa ndiyo akili ya kawaida ya kila mtu. Wengi wanaomnukuu huishia hapo, wakadhani alikuwa akizungumzia ulaghai. Sivyo. Gramsci alisisitiza kwamba tabaka linaloongoza hulazimika kuzingatia maslahi ya wale linaowaongoza na kuachia sehemu ya faida yake, ilimradi kiini cha nguvu zake za kiuchumi kisiguswe.

Wapo wanaoikataa hoja hii tangu msingi. Mwanazuoni wa Marekani James Scott, aliyeishi katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko Kedah, Malaysia, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliona maskini waliopoteza vibarua baada ya mashine za kuvunia kuingia wakiendelea kuwaheshimu matajiri hadharani, huku faraghani wakiwasengenya, wakizembea kazini na kuwaibia mpunga kidogo kidogo. Kwake yeye, unyenyekevu ule haukuwa ridhaa, bali tahadhari ya mtu anayejua nguvu ziko upande gani. Ni onyo zito kwa kila anayetazama jamii iliyotulia akahitimisha kwamba imeridhika.

Hata hivyo, naona Scott anaeleza vizuri zaidi mahali ambapo mnyonge anamchukia mwenye nguvu kuliko mahali ambapo anatamani kufanana naye, na hapo ndipo utamaduni unapokuwa na uzito. Nchini Ufaransa, sheria za 1881 na 1882 zilizosimamiwa na waziri Jules Ferry ziliifanya elimu ya msingi kuwa ya bure na ya lazima, na iliyotolewa kwa Kifaransa. Katika shule nyingi za Bretagne, eneo la magharibi mwa nchi hiyo, mtoto aliyesikika akisema Kibretoni, lugha ya wenyeji, alipewa kitu cha aibu akibebe mpaka amnase mwenzake katika kosa hilo hilo. Adhabu hiyo haikuiua lugha, kwa kuwa watoto walirudi nyumbani wakaendelea kuizungumza. Pigo kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale wazazi wenyewe walipoamua kusema na watoto wao kwa Kifaransa.

Je, wazazi hao waliridhia? Watetezi wa Kifaransa watasema ndiyo: lugha hiyo ilifungua njia ya ajira na elimu ya juu, na mzazi anayemtakia mwanawe maisha mema si mjinga. Hoja hiyo ina nguvu, na inaniuma kuona ikipuuzwa na wale wanaomwita mtumwa wa mawazo kila aliyefuata utamaduni wenye nguvu. Lakini uamuzi wa wazazi ulifanyika baada ya sheria kuhakikisha kwamba Kibretoni hakiwezi kumpeleka mtu popote. Ridhaa yao ilikuwa ya kweli, ila masharti yake yalipangwa na upande mwingine. Shule za Diwan zilipoanza kufundisha kwa Kibretoni mwaka 1977, familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuacha kurithisha lugha hiyo. Kwangu mimi, basi, kipimo ni iwapo aliyeridhia ana uwezo wa kuyabadilisha masharti.

Kipimo hicho kinafaa pia kati ya mataifa. Mchumi Charles Kindleberger alidai kwamba mdororo ulioanza mwaka 1929 ulikuwa mkali kiasi kile kwa sababu Uingereza haikuwa tena na uwezo wa kuuongoza uchumi wa dunia, na Marekani haikuwa na nia. Kwa mtazamo huo, hejimonia ni huduma: kuna anayekopesha wakati wa dhiki na kuacha soko lake wazi. Baada ya 1945 Marekani ilifanya mengi ya namna hiyo, na mataifa ya Ulaya Magharibi yaliyopokea fedha za Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuyajenga upya, yalikuwa na sababu za kuukubali uongozi wake. Lakini katika Shirika la Fedha la Kimataifa, lililoasisiwa kwenye mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944, maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani pekee ina zaidi ya asilimia 16, hivyo inaweza kuyazuia peke yake. Nchi nyingi ambazo mwaka ule zilikuwa bado makoloni zimejiunga baadaye kwa hiari yao, na kanuni hiyo haziwezi kuibadilisha bila kura ya yule inayemnufaisha.